Uliza leseni kwanza, ndipo uulize bei ya pikipiki kongwe

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua niseme na vijana wetu walioko Uingereza, na wazazi wao walioko nyumbani ambao mara nyingi hutumiwa picha ya pikipiki hata kabla haijalipiwa. Jambo lenyewe ni kununua pikipiki kongwe kabla ya kujua kama leseni yako inakuruhusu kuipanda. Limenigharimu mimi fedha na miezi kumi na minne ya kungoja, na majuzi lilikuwa karibu kumgharimu mpwa wangu zaidi ya hapo.

Mpwa wangu ana umri wa miaka 20 na anasoma Leicester. Jioni moja alinipigia simu kwa furaha ya mtu aliyeokota lulu, akaniambia ameshatoa arbuni ya pauni 300 kwa ajili ya pikipiki ya Kiingereza, Triumph Bonneville ya cc 650 iliyotengenezwa miaka ya 1960. Nilimwuliza ana karatasi gani ya kumruhusu kuipanda. Akasema anayo CBT, yaani cheti cha mafunzo ya msingi ya pikipiki. "Lakini mjomba," akaendelea, "hii ni pikipiki ya kizee, imepita miaka arobaini, haidaiwi kodi wala haidaiwi ukaguzi. Si itakuwa hivyo hivyo na leseni?" Sikumlaumu, kwa sababu mwaka 2021 mimi mwenyewe, mtu mzima mwenye watoto, nilifanya kosa la jamii hiyo hiyo, nikanunua kwanza na kuuliza habari ya leseni baadaye.

Chanzo cha kukosea ni kwamba nusu ya maneno hayo ni kweli. Sheria ya Uingereza inavihurumia vyombo vya zamani. Pikipiki iliyotimiza miaka 40 huweza kuingizwa katika kundi la vyombo vya kihistoria, na ikiingizwa haitozwi kodi ya barabara, ingawa mwenyewe bado anawajibika kuiombea kodi hiyo ya sifuri kabla ya kuitoa nje. Tangu Mei 20, 2018, haidaiwi pia ule ukaguzi wa kila mwaka uitwao MOT, maadamu haikubadilishwa kwa kiasi kikubwa katika miaka 30 iliyopita, na maadamu mwenyewe anaitunza katika hali inayofaa barabarani. Hata London, ambako vyombo vyenye moshi mwingi hulipishwa kwa kila siku vinapoingia mjini, pikipiki ya kihistoria inapita bure. Huruma yote hiyo, hata hivyo, ni ya chombo. Mpandaji hana fungu lake humo, na ofisa wa polisi anapokusimamisha hakuulizi pikipiki yako ina miaka mingapi. Anakuuliza wewe umefaulu mtihani gani.

Kwa hiyo nieleze mitihani yenyewe kwa utaratibu wake, nikizungumzia England, Scotland na Wales, kwa kuwa Ireland ya Kaskazini ina taratibu zake. CBT, ambayo vijana wetu wengi wanaosambaza vyakula mijini wanayo, si mtihani na si leseni. Ni mafunzo ya lazima ya msingi, yaliyoanzishwa mwaka 1990, ambayo kwa kawaida humalizika kwa siku moja: mkufunzi anakupima macho, anakuzungusha uwanjani, kisha anakutoa barabarani kwa muda usiopungua saa mbili, na akiridhika anakupa cheti kinachodumu miaka miwili. Kwa cheti hicho pamoja na leseni ya kujifunzia, aliyetimiza miaka 17 anaruhusiwa kupanda pikipiki isiyozidi cc 125 na isiyozidi kilowati 11 za nguvu, akiwa ameweka kibao cha herufi L nyekundu mbele na nyuma, asimpakie mtu, wala asiingie katika zile barabara za mwendo kasi zinazoitwa motorway. Miaka miwili ikiisha bila kufanya mtihani, unarudi ulipoanzia.

Juu ya hapo zipo ngazi tatu za leseni kamili, zilizopangwa kama zilivyo tangu Januari 19, 2013. Ya kwanza ni A1, kuanzia umri wa miaka 17, nayo inaishia kwenye cc 125 zile zile na kilowati 11 zile zile, isipokuwa kibao cha L kinaondoka na abiria anaruhusiwa. Ya pili ni A2, kuanzia miaka 19, ambayo kikomo chake ni kilowati 35, yaani nguvu farasi 47, na nguvu hiyo ikigawanywa kwa uzito wa pikipiki isizidi kilowati 0.2 kwa kila kilo. Ya tatu ni A, isiyo na kikomo, ambayo mtu huipata akiwa na miaka 24, au mapema zaidi ikiwa amekaa na A2 kwa miaka miwili kisha akafanya mtihani mwingine.

Hapa wasomaji wa Kenya wajihadhari na herufi. Katika leseni mpya za nyumbani, A1 ni ya vile vipikipiki visivyozidi cc 50, A2 ni ya pikipiki ya kawaida, na A3 ni ya bodaboda, ya wapeleka vifurushi na ya magari ya magurudumu matatu. Nimemwona kijana aliyemwonyesha mwuzaji wa hapa leseni ya Kenya yenye A2, na mwuzaji, kwa nia njema kabisa, akamwonyesha pikipiki zote za A2 ya Uingereza. Herufi zinafanana na sheria zake hazijuani.

Leseni ya Kenya yenyewe, na vivyo hivyo ya Tanzania au ya Uganda, inakubaliwa hapa kwa pikipiki na magari madogo yaliyoandikwa ndani yake kwa muda wa miezi 12, na miezi hiyo inahesabiwa tangu siku ulipofanya makazi yako hapa. Haihesabiwi tangu siku uliponunua pikipiki, na haijali kwamba leseni yenyewe imeandikwa kuisha miaka miwili mbele. Tena nchi zetu hazimo katika orodha ya nchi ambazo leseni zake hubadilishwa moja kwa moja kuwa za Uingereza. Afrika Kusini imo, Zimbabwe imo, sisi hatumo. Mwezi wa kumi na tatu ukiingia, aliyepanda pikipiki Mombasa kwa miaka ishirini anakuwa mwanafunzi sawa na mtoto wa miaka 17, na ni lazima aombe leseni ya kujifunzia na aanze na CBT. Hili linauma, na sidhani ni haki kwa mtu mwenye uzoefu, lakini ndivyo lilivyo, na aliyelijua mapema anaweza kuitumia miezi yake 12 kufanya mitihani badala ya kuipoteza kama nilivyoipoteza mimi.

Sasa niseme yaliyonipata. Babu yangu mzaa mama, aliyekuwa karani Kwale, alikuwa na pikipiki ya Kiingereza, BSA Bantam ya rangi ya kijani hafifu, na kumbukumbu yangu ya kwanza ya chombo chochote cha moto ni kukalishwa juu ya tangi lake nikiwa na umri wa miaka sita, nikishika usukani kwa ndani ya mikono yake. Nilipohamia Coventry na kugundua kwamba Bantam zilitengenezwa Small Heath, Birmingham, mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani kwangu, niliazimia kuipata moja. Nilikuwa na CBT, na nikajua kikomo changu ni cc 125. Nikaona tangazo: Bantam 125, ya mwaka 1962. Nikaenda kijijini Warwickshire, nikaikuta inang'aa, nikapiga kiki mara tatu ikawaka, nikalipa pauni 1,900, ndipo nikiwa bado uani kwa mwuzaji nikaipigia kampuni ya bima niitoe pale nikiwa nimekatiwa bima. Binti wa upande wa pili akaniomba nimsomee ukubwa wa injini kama ulivyoandikwa katika cheti cha usajili. Nikafungua cheti, nikasoma kwa sauti: 172. Kimya kikapita. Akaniuliza nina leseni gani, nikamwambia, naye akasema kwa upole kwamba hawezi kunikatia bima, na kwamba nisiipande.

Mwuzaji, mzee mstaarabu, alishangaa kuliko mimi. Kwake yeye Bantam zote ni 125. Ndivyo alivyoambiwa alipoinunua, ndivyo alivyoandika. Siamini kwamba alikusudia kunidanganya, ila mauzo alisema yamekwisha, na sikuwa na nguvu ya kugombana na mtu wa umri wa baba yangu. Rafiki yangu mmoja wa Lamu alikuja na gari lake la mizigo, tukaipakia, nikaiweka bandani chini ya shuka.

Baadaye nilijifunza kwa nini kosa hilo ni rahisi mno. Bantam ilizaliwa kutokana na pikipiki ya DKW RT125 ya Ujerumani, ambayo michoro yake Waingereza waliichukua baada ya vita kama sehemu ya fidia, na BSA ikaanza kuiuza mwaka 1948 kwa jina la D1 ikiwa na cc 123. Mwaka 1954 ikaja D3 ya cc 148, mwaka 1958 ikaja D5 ya cc 172, mwaka uliofuata D7, na nyingine baada yake hadi uzalishaji ulipokoma mwaka 1971. Lakini D1 haikuondoka zilipokuja hizo kubwa. Iliendelea kutengenezwa hadi mwaka 1963. Ndiyo maana Bantam ya mwaka 1962 inaweza kuwa ya cc 123 na inaweza pia kuwa ya cc 172, na mwaka peke yake haukwambii kitu. Pistoni katika injini zote hizo tatu hupanda na kushuka milimita 58. Kilichobadilika ni upana wa silinda, ambao ulitoka milimita 52 ukawa 57, kisha 61.5. Tofauti inayomtoa mwanafunzi nje ya sheria haifiki sentimita moja, nayo imejificha ndani ya chuma.

Kwa hiyo mnunuzi apige goti. Namba ya injini imegongwa kwenye injini yenyewe na namba ya chasisi imegongwa kwenye fremu, na mbele ya namba hizo kuna herufi zinazotaja toleo. Zangu, nilipozifuta mafuta na vumbi kwa kitambaa siku ya pili yake, zilikuwa na D7 iliyosomeka wazi kabisa. Ilinichukua dakika mbili kuifanya kazi hiyo ambayo ningeifanya kabla ya kutoa pochi. Hata cheti cha usajili nacho kisiaminiwe peke yake, kwa maana katika miaka sitini watu wamezitia D1 nyingi injini za D7 ili zipande vilima vizuri zaidi, na cheti kikabaki na cc 123. Sheria inahukumu injini iliyomo, na kampuni ya bima vilevile.

Nakiri kwamba kanuni hii ina jambo lisiloniingia akilini hadi leo. D7 yangu ina nguvu farasi 7.4, yaani kama kilowati 5.5, ambayo ni nusu tu ya nguvu anayoruhusiwa mwanafunzi. Kijana wa miaka 17 mwenye CBT anapanda pikipiki mpya ya cc 125 yenye nguvu maradufu ya ile yangu na breki bora mara kumi, ilhali mimi kwa sababu ya cc 47 za ziada sikuruhusiwa hata kuizungusha mtaa. Zaidi ya hayo, A1 nayo haikunifaa, kwa kuwa inaishia 125. Ilinilazimu kwenda angalau A2. Na ili kuipata A2 ni lazima ufanye mtihani juu ya pikipiki isiyopungua cc 395 na isiyozidi kilowati 35. Ningependa wenye kutunga sheria walitazame hilo kwa vyombo vya zamani. Hadi watakapolitazama, shauri langu kwa mnunuzi ni moja: asome namba, asisome sura ya pikipiki.

Jirani yangu, Mwingereza aliyefanya kazi katika kiwanda cha Triumph cha Meriden kabla hakijafungwa mwaka 1983, ndiye aliyenifafanulia kwa nini wazee wengi wa hapa hutoa mawaidha yaliyopitwa na wakati. Ujanani mwake mwanafunzi aliruhusiwa kupanda hadi cc 250. Kikomo hicho kiliwekwa mwaka 1961 na kikashushwa hadi 125 mapema miaka ya 1980. Mzee anayekuuzia pikipiki ya ujana wake anakupa pia sheria za ujana wake, bila kujua kwamba zimekufa.

Kuhusu mtihani wenyewe, aliyezoea mtihani wa nyumbani ajiandae kwa kitu kirefu zaidi. Kwanza ni mtihani wa nadharia kwenye kompyuta: maswali 50 ambayo ni lazima upate 43, kisha video fupi 14 za barabarani ambazo unabonyeza unapoiona hatari inaanza kujitokeza, na humo unatakiwa upate alama 44 kati ya 75. Wakalimani walipigwa marufuku mwaka 2014, kwa hiyo Kiingereza cha alama na kanuni za barabara kisomwe mapema. Cheti cha nadharia kinaishi miaka miwili, na moduli zote mbili za vitendo ni lazima zifaulwe ndani ya muda huo, la sivyo nadharia inarudiwa.

Moduli ya kwanza hufanyiwa uwanjani, mbali na magari. Unapita katikati ya koni kwa kujipinda, unaandika nambari nane mara kadhaa, unakwenda polepole kama mtu anayetembea na mwenzake kwa miguu, unageuza pikipiki ndani ya mistari miwili bila kutua mguu, kisha unakuja kwa kasi isiyopungua kilomita 50 kwa saa mbele ya kifaa kinachoipima, mara moja ili ukwepe kizuizi na mara moja ili ufunge breki za dharura. Makosa madogo matano yanasamehewa; kosa moja kubwa halisamehewi. Moduli ya pili ni barabarani, kama dakika 40, mtahini akiwa nyuma yako na sauti yake sikioni mwako kwa redio, na kwa dakika kama kumi anakuachia ufuate vibao mwenyewe. Humo yanasamehewa makosa madogo kumi.

Mimi nilianguka moduli ya kwanza, na niliangushwa na Bantam iliyokuwa nyumbani. Pikipiki za Kiingereza za zamani zina gia mguu wa kulia na breki ya nyuma mguu wa kushoto, kinyume cha pikipiki zote ambazo vijana wetu wamezizoea. Ni mwaka 1975 ndipo Triumph na Norton walipohamisha gia kwenda kushoto, kwa kulazimishwa na soko la Marekani. Kwa miezi mingi nilikuwa nikikaa juu ya ile D7 bandani jioni, injini imezimwa, nikiuzoesha mguu wangu wa kulia kutafuta gia. Siku ya mtihani, juu ya pikipiki ya kisasa ya chuo, mtahini aliponiinulia mkono nisimame, mguu wangu wa kulia ulinyanyuka kutafuta gia mahali palipokuwa na breki. Breki ya mbele ikashika peke yake, pikipiki ikayumba, na nikafeli. Sikuumia, lakini nilijua kwamba barabarani, mbele ya basi, mguu ule ule ungefanya vile vile.

Hilo linanileta kwenye kanuni ambayo karibu kila mpenzi wa pikipiki kongwe huigundua akiwa amechelewa: pikipiki yako ya ndoto huenda isikubaliwe mtihanini. Kwa A1, pikipiki ya mtihani iwe na cc kati ya 120 na 125 na iweze kufika kilomita 90 kwa saa. Bantam D1 ina cc 123 na mwanafunzi anaweza kuipanda kihalali kabisa, lakini mwendo wake unaishia kama kilomita 80, kwa hiyo mtihani haiwezi kuufanya. Kwa A kamili, pikipiki ya mtihani isipungue cc 595 na kilowati 50, ambazo ni nguvu farasi 67. Vincent Black Shadow ya mwaka 1948, ambayo zama zake ilisifiwa kuwa ndiyo yenye kasi kuliko pikipiki zote zilizokuwa zikiuzwa madukani, ilikuwa na nguvu farasi 55. Norton Commando ya cc 750 ilikuwa na 58, ambazo ni kilowati 43. Commando, basi, imezidi A2 na haiifikii A ya mtihani: ili uipande unahitaji leseni ambayo huwezi kuipata juu yake.

Na asidhani mtu kwamba ataipanda taratibu kwa mazoezi huku akingoja tarehe. Mwanafunzi haruhusiwi kupanda pikipiki iliyozidi cc 125 ila akiwa anafuatwa na mkufunzi aliyeidhinishwa, wakiwa wanawasiliana kwa redio. Anayekamatwa nje ya masharti ya leseni yake anaweza kutozwa faini hadi pauni 1,000 na kuandikiwa pointi kati ya 3 na 6, na kwa kuwa bima inayotegemea leseni isiyofaa inaweza kukataliwa, hufuata kosa la kutokuwa na bima, ambalo kwa kawaida ni pauni 300 na pointi 6, na pikipiki yenyewe kuchukuliwa. Aliyepata leseni yake ya kwanza ya hapa chini ya miaka miwili iliyopita, pointi 6 zinatosha kumnyang'anya.

Juu ya karatasi za ununuzi nitasema machache. Cheti cha usajili, V5C, kinamtaja mtunzaji wa chombo na si ushahidi wa umiliki, kwa hiyo ikague pikipiki katika anwani iliyoandikwa humo na udai risiti yenye sahihi. Namba za fremu zilingane na cheti. Na pikipiki itakayokaa bandani ni lazima itangazwe kwa mamlaka ya vyombo kuwa haitumiki barabarani, au iwe imeombewa kodi na kukatiwa bima hata kama haitoki.

Nikirudi kwa mpwa wangu, nilimketisha na kalamu. Bonneville T120 ilipotoka mwaka 1959 kiwanda kiliitangazia nguvu farasi 46, ambazo ni kama kilowati 34, na uzito wake ni takriban kilo 183. Tukagawanya, ikaja chini ya 0.19 kwa kilo. Pikipiki iliyowatia hofu wazazi wa enzi zake, kwa hesabu za leo, inaingia ndani ya A2, na yeye ana miaka 20. Kwa hiyo aliyokosa ni mtihani, hakukosa umri. Nilifurahi kuliko yeye. Tulimpigia mwuzaji, tukamweleza ukweli wote, naye kwa uungwana akakubali kuishikilia kwa arbuni ile ile hadi mwisho wa msimu wa kiangazi, kwa sharti kwamba fundi aikague injini kama haikuongezwa nguvu na wenyewe waliotangulia, kwa maana Bonneville nyingi ziliongezwa, na kilowati mbili tu za ziada zingeivusha mpaka.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba ukurasa wenu wa walio ng'ambo uchapishe habari ya ile miezi 12 mapema kila mwaka kabla ya Septemba, wanafunzi wanapoanza kusafiri, kwa kuwa wanaokuja wengi wao hulisoma gazeti lenu nyumbani kabla ya kusoma lolote la huku.

Mpwa wangu amefaulu nadharia, na moduli yake ya kwanza ni mwezi ujao, juu ya pikipiki ya chuo yenye gia kushoto. Huja kwangu kila Jumamosi. Bantam sasa naipanda kihalali, na funguo za banda nimezificha hadi siku ya mtihani wake ipite.

Wako,
Msomaji wa Coventry, Uingereza